Kwanini wageni wa 13e DBLE waliendelea na vita 1940 wakati Ufaransa yenyewe imeshasalimu amri?

Mtu wa Ramani
Wakuu salaam. Nina swali limenikaa kichwani muda mrefu, wenye nondo zao wazishushe hapa.

Kwa wasiokijua, 13e DBLE ni kikosi cha askari wa miguu cha Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, lile jeshi linalochukua watu wa mataifa yote. Kiliundwa mwanzoni mwa 1940 kwa kuchukua waliojitolea kutoka vikosi vya Lejioni vilivyokuwa Algeria na Morocco, batalioni mbili, kamanda Luteni Kanali Magrin-Vernerey ambaye baadaye akajulikana kwa jina la Monclar. Mpango waende Finland wakawasaidie Wafini dhidi ya Urusi. Machi hata safari haijaanza Finland ikasaini amani, basi wakapelekwa Norway, watu wametoka jangwani wanaambiwa vaeni makoti mazito mnaenda kwenye theluji. 13 Mei wakashuka Bjervik kwa boti usiku, 28 Mei wakiwa pamoja na Wanorway wakauteka mji wa Narvik kutoka kwa Wajerumani.

Sasa wakati wao wanashinda kule juu, Ufaransa yenyewe inapigwa huku chini. Wakaondolewa Norway, wakashushwa Brest, kufika wanakuta mambo yameharibika, wakaishia Uingereza kwenye kambi ya Trentham Park karibu na Stoke-on-Trent. Mwisho wa Juni Jenerali de Gaulle, yule aliyekataa kusalimu amri na kuita watu waendelee na vita kutoka London, akaenda kuwaona. Kati ya watu kama 1,600 hivi, kama 900 wakabaki naye, waliobaki wakapakiwa meli kurudi Morocco.

De Gaulle wa wakati ule hakuwa na kitu wakuu. Hana nchi, hana hela, jenerali mgeni cheoni, na Agosti mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Wafaransa wenzake ikamhukumu kifo akiwa hayupo. Majenerali wakubwa wa Kifaransa wengi walimkwepa. Sasa inakuwaje Mhispania, Mjerumani, Mpoland, Mrusi aliyekimbia kwao ndio wamkubali? Mimi sijapata jibu linaloniridhisha.

Chuma cha Reli
Jibu ni jepesi mkuu. Wahispania. Franco ameshinda vita Hispania 1939, maelfu kwa maelfu ya Wahispania wa upande wa Jamhuri wakavuka mpaka kuingia Ufaransa, huko wakawekwa makambi ya uzio wa seng'enge, na njia mojawapo ya kutoka kule ndani ilikuwa kusaini Lejioni. 13e ilijaa hao watu. Hawa wameshapigana na Wajerumani na Waitaliano kwao tayari. Kwao vita haikuanza 1939, ilianza 1936 na ilikuwa bado haijaisha. Unamrudisha Morocco afanye nini? Ng'ambo pale ni Franco.

Bint Chumbageni
@Chuma cha Reli nakubali nusu. Ila wapo Wahispania waliorudi Morocco na wapo waliobaki, sasa kama sababu ni moja kwanini maamuzi mawili?

Mi naona watu wanasahau kifungu cha 19 cha mkataba wa kusimamisha vita wa Juni 1940. Kile kifungu kiliilazimisha Ufaransa kumkabidhi Mjerumani yeyote ambaye serikali ya Hitler itamtaja kwa jina, iwe yuko Ufaransa iwe yuko kwenye makoloni. Lejioni ilikuwa na Wajerumani na Waaustria waliokimbia Hitler, wengine Wayahudi. Weka akili yako hapo. Jeshi uliloapa kulitumikia limesaini karatasi kwamba utakabidhiwa kwa mtu uliyemkimbia. Si ushujaa huo wala si mapenzi ya de Gaulle, ni roho.

Msomaji Mtulivu
Nimekaa pale 🪑

Kifaru Mzee
Vijana mnachambua vizuri ila wote mnaongea kama raia. Mimi nimetumikia jeshi (la hapa nyumbani, nimestaafu). Askari hafuati kifungu cha 19. Askari wengi pale hata hicho kifungu hawakukisoma. Askari anaangalia afande wake. Kama afande ninayemwamini amesema tunaenda, tunaenda, maswali baadaye.

Angalieni nani walibaki. Monclar mwenyewe alibaki. Kapteni Koenig alibaki, huyu ndiye baadaye jenerali wa Bir Hakeim, ile vita ya jangwani Libya 1942. Kapteni Amilakvari alibaki, mtu wa ukoo wa mabwana wakubwa (prince) wa Georgia aliyekimbia kwao Wabolsheviki walipoingia akiwa mtoto, akasoma chuo cha maofisa cha Saint-Cyr, akaingia Lejioni. Watu wa namna hiyo wakisimama upande mmoja, kombania inasimama nao. Ndiyo maana maamuzi yaligawanyika dada @Bint Chumbageni, kila mtu alikwenda alikokwenda ofisa wake.

Mtu wa Ramani
@Kifaru Mzee shikamoo afande. Hoja nzito. Ila huyo Monclar mwaka mmoja baadaye aligoma! Juni 1941 Waingereza na Wafaransa wa de Gaulle walipoingia Syria ambayo ilikuwa chini ya Vichy (ile serikali ya Ufaransa iliyosalimu amri kwa Wajerumani), Monclar akasema mimi sipigani na Wafaransa wenzangu, akakaa pembeni. Kikosi kikaenda bila yeye chini ya Cazaud na kikapambana na 6e REI, kikosi kingine cha Lejioni kilichokuwa upande wa Vichy, Lejioni kwa Lejioni, watu waliokula mess moja. Kama askari anafuata afande mbona hapo hawakumfuata?

Kifaru Mzee
Marahaba. Walifuata amri, na Amilakvari alikwenda. Afande hawi mmoja kikosini.

Nakuru Moja
Wah, hii uzi imenikumbusha guka (babu). Alikuwa KAR (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), alipigana Abyssinia na baadaye akapelekwa Madagascar 1942. Alikuwa akituambia tukiwa watoto ati "tulipigana na Wafaransa" na sisi tunacheka tukidhani mzee amechanganya, Wafaransa si walikuwa upande wa Waingereza? Mpaka nikasoma vizuri nikajua Madagascar ilikuwa ya Vichy. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishukia Majunga Septemba 1942, wakatembea kisiwa kutoka juu hadi chini mpaka Wafaransa wakasalimu amri Novemba.

So imagine, mwaka huo mmoja Mfaransa wa Bir Hakeim ni rafiki, Mfaransa wa Madagascar ni adui. Na hiyo 13 si pia walikuwa Eritrea? Labda guka alikutana nao.

Chuma cha Reli
@Nakuru Moja walikuwa Eritrea ndiyo. Baada ya jaribio la de Gaulle la kuichukua Dakar kushindikana Septemba 1940 na Gabon kuchukuliwa Novemba, wakapakiwa meli kutoka Afrika ya Kati, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Bahari ya Shamu, wakashuka Sudan. Yaani walipita bahari yetu hii. Machi 1941 wakawa milimani Keren, na 8 Aprili wakaingia Massawa na Waingereza, Admirali Bonetti wa Italia akakamatwa. Ila guka yako kukutana nao ni ngumu, KAR walikuja kutoka kusini upande wa Kenya na Somalia, Addis ikachukuliwa 6 Aprili. Keren kule kaskazini walikuwa Wahindi wa divisheni ya 4 na ya 5 zaidi.

Nakuru Moja
Sawa buda, ila vita ilikuwa moja.

Bahari Kuu
Jamani mimi sijui 1940 lakini hawa jamaa nimewaona kwa macho. Nilikuwa baharia, meli yetu ikitia nanga Djibouti miaka ya tisini. Jioni mjini unawaona wanatembea wawili wawili na zile kofia nyeupe, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata kidole, joto lile ambalo sisi wa pwani wenyewe tunalikimbia. Nikaongea na mmoja alikuwa mtu wa Ulaya Mashariki, Kifaransa chake kibovu kama changu. Nikamuuliza kwenu wapi akanijibu Lejioni. Nikamuuliza tena, akajibu vilevile, halafu akaninunulia soda. Sikumuelewa hadi leo nasoma uzi huu.

Wangali wako pale hadi leo naamini.

Ripota Huru
@Bahari Kuu hapana kaka. 13e ilikaa Djibouti kuanzia 1962 baada ya uhuru wa Algeria mpaka 2011, karibu nusu karne, kambi yao ikiitwa kwa jina la Monclar. 2011 ikahamia Abu Dhabi, na 2016 ikarudishwa Ufaransa kwenye uwanda wa Larzac, na huko ikaongezwa watu hadi kama 1,300. Wafaransa waliobaki Djibouti ni kikosi kingine, 5e RIAOM. Na cha kushangaza Larzac ndipo walipofanyia mazoezi 1940 kabla ya Norway.

Bahari Kuu
Basi Djibouti imepoa. Asante kwa taarifa.

Dogo wa Mbagala
Wakuu samahani natoka nje ya mada, hivi kujiunga inakuwaje? Nina miaka 24, fomu six, nakimbia vizuri. Kuna jamaa anasema ana koneksheni, anataka hela ya kuandikisha.

Ripota Huru
@Dogo wa Mbagala MDOGO WANGU USITOE HATA SENTI. Lejioni haina wakala nchi yoyote na kuandikishwa ni bure. Unatakiwa ufike Ufaransa mwenyewe kwa miguu yako, na pasipoti yako halali, ugonge mlango kwenye ofisi zao, mchujo wenyewe ni Aubagne. Umri ni miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu. Mkataba wa kwanza miaka mitano. Mafunzo ya mwanzo ni Castelnaudary. Wanawake hawachukuliwi. Anayekudai hela ya koneksheni ni mwizi.

Bint Chumbageni
Naongezea hapo, binamu yangu alilizwa hivyohivyo. Alitoa mpaka hela ya shamba, akaambiwa visa iko njiani, simu ikazimwa. Mama yake mpaka leo hataki kusikia neno Ulaya. Dogo kaa chonjo.

Na kuhusu wanawake, yupo mmoja. Susan Travers, Muingereza, alikuwa dereva wa Koenig. Usiku wa kuamkia 11 Juni 1942 wakati wanatoka Bir Hakeim yeye ndiye aliyeshika usukani gari la kamanda, gizani, katikati ya mabomu ya ardhini, risasi zinapiga bodi. 1945 akaandikishwa rasmi Lejioni. Ni yeye tu.

Metro Kila Siku
Nipo Paris hapa, kituo cha metro cha Bir-Hakeim napita kila nikienda kazini, jirani na Mnara wa Eiffel. Watalii wanashuka pale kupiga picha, hakuna anayeuliza hilo jina limetoka wapi. Naomba mwenye muda atueleze kilichotokea.

Chuma cha Reli
Bir Hakeim ni jangwani Libya, mwisho wa kusini wa mstari wa ulinzi wa Waingereza wa Gazala. Brigedi ya kwanza ya Wafaransa huru, watu kama 3,700, Koenig juu yao, batalioni mbili za 13e ndani yake. Tegemeo lao ni mahandaki na mabomu ya ardhini maelfu kwa maelfu. 27 Mei 1942 vifaru vya Waitaliano vya divisheni ya Ariete vikaja kwa kasi upande wa walejioni, wakaviharibu zaidi ya 30, kuna askari walipanda juu ya vifaru wakapiga bastola kupitia tundu. Rommel, jenerali wa Wajerumani, akaona mchezo sio, akaja mwenyewe. Akatuma ujumbe wa kuwataka wasalimu amri, wakakataa. Ndege zikawapiga kila siku, maji yakawa ya kupimiwa. Walishikilia mpaka usiku wa 10 Juni, walipoamriwa kutoka hawakusubiri kuchukuliwa mateka, wakatoboa katikati ya mistari ya Wajerumani na wengi wao, zaidi ya 2,600, wakafika kwa Waingereza.

Oktoba mwaka huo huko El Alamein, Misri, sehemu inaitwa El Himeimat, Amilakvari akauawa na kipande cha bomu. Hakupenda kuvaa helmeti, siku zote kepi, ile kofia ya Lejioni. Hiyo kepi ipo makumbusho ya Aubagne.

Kituo cha Lango
Shukrani kwa maelezo. Lakini naomba tusiseme Bir Hakeim ni Lejioni peke yake. Mle ndani kulikuwa na batalioni ya Waafrika kutoka Oubangui-Chari, Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo, kulikuwa na watu wa visiwa vya Pasifiki, Waafrika wa Kaskazini. Wamekufa mle. Halafu 1944 Ufaransa ilipokaribia kukombolewa, divisheni iliyotokana na brigedi hiyo ikawaondoa askari weusi ikaingiza vijana wa Kifaransa mahali pao, wengine wakavuliwa mpaka makoti. Walejioni wa Ulaya wakabaki wakaenda mpaka Alsace na Alps, na 1945 kikosi kikapewa Msalaba wa Ukombozi. Mleta uzi anauliza kwanini wageni walipigania Ufaransa, kuna wageni waliulizwa na kuna ambao hawakuulizwa. Inaniuma sana hii.

Mtu wa Ramani
@Kituo cha Lango asante kwa kuliweka wazi. Kweli kabisa, wa Trentham walipewa nafasi ya kuchagua, na hilo ndilo linalonivuta.

Katanga Mwana
Jambo yenu bote. Mi niko wa Katanga. Huku kwetu ukisema Lejioni, batu wanakumbuka Kolwezi Mei 1978, paratruperi walishuka kutoka juu. Ni hii 13 ama ni bengine?

Ripota Huru
Wengine ndugu yangu. Kolwezi ilikuwa 2e REP, wa miavuli, walirushwa 19 Mei 1978 chini ya Kanali Erulin. Nyumba moja, kikosi tofauti.

Katanga Mwana
Aksanti. Baba alikuwa kule, alijificha siku nyingi na watoto wa jirani. Kwake hao batu ni wakombozi, kwa bandugu bengine ni Mfaransa amekuja kulinda Mobutu na migodi. Nyumbani kwetu hatujawahi kusikilizana juu ya hiyo mambo.

Ziwa Rweru
Na mimi niseme kidogo kama mtu wa upande wa Rwanda. Walejioni, wakiwemo wa 13e kutoka Djibouti, walikuwepo Operesheni Turquoise ya jeshi la Ufaransa nchini Rwanda kuanzia mwisho wa Juni 1994, kusini magharibi upande wa Cyangugu. Wapo waliookolewa, siwezi kukataa. Lakini kwenye lile eneo wauaji walipita wakavuka kwenda Zaire na hawakukamatwa. Ripoti ya wanahistoria wa Kifaransa wenyewe chini ya Duclert, 2021, ilisema Ufaransa ina dhamana nzito na kubwa mno, ingawa haikuona ushahidi wa kushiriki mauaji. Ninaposoma sifa za 1940 naomba na hilo likae mezani. Kikosi ni hichohicho.

Kifaru Mzee
@Ziwa Rweru pole sana. Umesema haki. Siasa inaamua kikosi kinaenda wapi, ila aliyeachwa hai au aliyekufa haangalii siasa, anaangalia sare iliyosimama mbele yake.

Goli la Ugenini
Turudi Trentham. Mnasahau Narvik. Hawa ni kati ya wachache upande wa Ufaransa waliokuwa na ushindi mkononi Juni 1940! Jeshi zima limepigwa, wao wamemtoa Mjerumani mjini, wamemsukuma milimani karibu na mpaka wa Sweden, halafu wanaambiwa rudini. Ni kama timu inaongoza dakika ya 80 halafu refa anawaambia mmefungwa kwa sababu timu ya wadogo zenu imefungwa uwanja mwingine. Utakubali? Waliorudi Morocco walikubali, waliobaki hawakukubali. Basi.

Bint Chumbageni
@Goli la Ugenini waliorudi Morocco nao walishinda Narvik. Boti zilezile.

Goli la Ugenini
Ndio lakini mioyo sio ileile dada.

Chuma cha Reli
Kuna jambo linaipa nguvu hoja yangu. Baada ya Syria kuisha Julai 1941, mamia ya walejioni wa ile 6e REI, waliokuwa wanawapiga risasi wiki chache nyuma, wakahamia 13e. Pengo la Syria likazibwa na maadui wa Syria. Watu waliokuwa na sababu zao za siri za kumchukia Mjerumani walikuwa wanasubiri mlango tu.

Kifaru Mzee
Au walikuwa wanasubiri mshahara na chakula, kikosi chao kimeshindwa mbele yao. Usimpambe askari kupita kiasi, nimekaa nao.

Mtu wa Ramani
Hapo sasa afande umenichanganya zaidi, maana mshahara ulikuwa Vichy vilevile, na Vichy meli ya kurudi nyumbani ilikuwa tayari.

Ripota Huru
Na mimi naweka kigingi kwenye hoja ya Chuma cha Reli. Kama ni chuki ya Wanazi, angalieni kikosi hichohicho miaka michache mbele. 1946 kipo Indochina (Vietnam na jirani zake, koloni la Ufaransa), na Lejioni ya wakati ule imejaa Wajerumani, wakiwemo waliovaa sare ya Hitler mpaka 1945. Huyo Mjerumani na Mhispania wa Bir Hakeim wanalala hema moja. 13 Machi 1954 huko Dien Bien Phu batalioni ya tatu ya 13e ilikuwa kwenye ngome ya Béatrice, usiku mmoja tu ikaangamizwa na mizinga ya Viet Minh, wapigania uhuru wa Vietnam, Luteni Kanali Gaucher akafa ndani ya handaki. Hao nao walimfia nani? Hakuna Hitler pale, hakuna Franco, wala hakuna kifungu cha 19. Na walikufa vilevile.

Bint Chumbageni
Hapo si maswali mawili tofauti? Kuingia ni kitu kimoja, kubaki ni kingine. Wa 1954 hawakusimamishwa kwenye uwanja wa Trentham wakaambiwa chagueni.

Goli la Ugenini
Na Monclar mnamuweka wapi? 1950 ni jenerali wa nyota nne, pensheni iko mlangoni, akashusha cheo mwenyewe mpaka luteni kanali ili aongoze batalioni ya Wafaransa ya kujitolea Korea. Sababu ya Franco hiyo? Kuna watu vita imewaingia damuni.

Chuma cha Reli
Monclar Mfaransa na ofisa, tunaongelea wageni tena wasio na vyeo. Msihamishe goli.

Kituo cha Lango
Mnisaidie kitu. Huyu Amilakvari anasimuliwa kuwa alisema wageni wana njia moja tu ya kuishukuru Ufaransa, kuifia. Yeye alipewa shule, cheo na mahali pa kuishi, naelewa shukrani yake. Mhispania aliyetolewa kwenye seng'enge ya Wafaransa haohao anashukuru nini?

Chuma cha Reli
Hashukuru. Ndio nasema tangu mwanzo, anaendeleza vita yake kwa bunduki ya mwingine.

Kifaru Mzee
Na mimi nasema tangu mwanzo hakuwa na muda wa kufikiri yote hayo. Wenzake wa kombania wamepiga hatua mbele, naye akapiga.

Dogo wa Mbagala
Asanteni kwa ushauri wakuu, yule jamaa nimemblock. Ila Castelnaudary natafuta njia.